Kamera Kubwa na Macho ya Anayeitazama

Swali ninaloulizwa na wanafunzi mara nyingi kuliko inavyotarajiwa kwa mwalimu wa historia ni hili: ninunue kamera gani? Wengi wanaouliza tayari wanapiga picha nzuri kwa simu zao. Ukiwadodosa kidogo utagundua kwamba hawatafuti kamera inayotoa picha bora. Wanatafuta itakayowafanya waonekane wapiga picha wa kweli, ili mlinzi wa ukumbi awafungulie mlango, wasimamizi wa sherehe wawapishe mbele, na mteja asibishane nao kuhusu malipo. Wapo wanaolichukulia swali hilo kuwa la kujishaua tu. Mimi naliona ni swali la kisiasa. Lina historia inayofaa kusimuliwa, kwa sababu wapo watu walioingia mahali pasipoingilika kwa nguvu ya kamera waliyoibeba, na wapo waliouawa kwa sababu hiyohiyo.

Tuanze na jambo la wazi linalosahaulika. Kuonekana kunahitaji mtazamaji. Hakuna kamera iliyo ya kitaalamu peke yake juu ya meza. Huwa hivyo mbele ya mtu fulani mwenye uwezo wa kufungua au kufunga njia. Mtu huyo anaweza kuwa bwana harusi, bawabu, askari, au umati wenye hasira. Historia ya vifaa vya picha huandikwa kwa kawaida kama historia ya wavumbuzi na viwanda. Ninapendekeza tuisome pia kama historia ya hao wanaotazama.

Katika miongo ya kwanza baada ya mbinu ya Daguerre kutangazwa Paris mwaka 1839, hakuna mpiga picha aliyehitaji kujitambulisha. Mzigo wake ulimtambulisha. Kamera ilikuwa kasha la mbao lililosimama juu ya miguu mitatu, likiandamana na vioo, chupa za kemikali na hema la giza. James Augustus Grant, aliyepita Unguja mwaka 1860 pamoja na John Hanning Speke wakielekea kutafuta chanzo cha mto Nile, alipiga picha mjini humo, nazo ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa tulizonazo za kisiwa hicho. Ilikuwa kazi ya mtu mwenye wapagazi. Baadaye zikaja studio. A. C. Gomes, mwenye asili ya Goa, alifungua yake Unguja katika nusu ya pili ya karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza, aliyewahi kufanya kazi na akina Gomes, akaanzisha Capital Art Studio, ambayo ilipiga picha za masultani na za watu wa kawaida wa Mji Mkongwe. Ndani ya studio mamlaka yalikuwa ya mwenye kamera. Yeye ndiye aliyekuambia uketi wapi, uinue kidevu, usipepese macho. Hata sultani alitii.

Kilichovuruga utaratibu huo ni bei. Mwaka 1888 George Eastman wa Rochester, Marekani, alianza kuuza Kodak, kamera ya mkononi yenye filamu ya picha 100. Iligharimu dola 25. Ukimaliza filamu uliirudisha kamera nzima kiwandani, wakakusafishia picha na kukurejeshea ikiwa imewekwa filamu mpya. Mwaka 1900 kampuni hiyohiyo ikatoa Brownie kwa dola moja. Tangu hapo kumiliki kamera hakukuthibitisha chochote. Mtoto alikuwa nayo, mtalii alikuwa nayo, mke wa afisa wa kikoloni alikuwa nayo. Waliokuwa wakila kwa kazi hiyo walilazimika kutafuta namna nyingine ya kujitenga na wanaoifanya kwa kujifurahisha, na hapo ndipo kuonekana kukawa kazi ndani ya kazi.

Hakuna chombo kilichobeba maana hiyo kama Speed Graphic, iliyoanza kutengenezwa Rochester mwaka 1912. Ilikuwa nzito, yenye tumbo la kukunjuka kama kinanda cha kuvuta, na ilitumia vipande vya filamu vya inchi nne kwa tano. Mpiga picha alikuwa na nafasi chache sana za kukosea. Pembeni palifungwa taa ya flashi, na kila balbu ilimulika mara moja tu kisha ikatupwa. Kwa vipimo vya leo ni adha tupu. Lakini kwa miongo kadhaa, magazeti ya Marekani yaliiamini kuliko kamera nyingine yoyote. Joe Rosenthal aliitumia kupiga picha ya wanajeshi wakisimika bendera Iwo Jima mwaka 1945.

Mwaka huohuo Weegee, mpiga picha wa New York aliyekuwa akizunguka usiku na redio ya polisi ndani ya gari lake akikimbilia mauaji na moto, alichapisha kitabu chake Naked City. Humo anamshauri mtu asiyejua anunue kamera gani. Jibu lake ni Speed Graphic, na anatoa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ni kamera nzuri na ya haraka. Ya pili ndiyo inayonivutia: askari wakimwona mtu ameishika kamera ya aina hiyo, watadhani anastahili kuwepo na watampisha avuke uzio wao. Miaka 80 imepita na sijaona mahali jambo hili liliposemwa kwa uwazi zaidi. Weegee alizaliwa katika familia maskini ya Kiyahudi, akahamia Marekani akiwa mtoto, akalala katika nyumba za wasio na makazi. Hakuwa na jina la ukoo la kumfungulia mlango. Kamera yake ndiyo iliyokuwa barua ya utambulisho.

Wakati Weegee akibeba mzigo wake, upande wa pili wa bahari kulikuwa na mkondo ulio kinyume kabisa. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, alikuwa amebuni kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema ya milimita 35. Ilioneshwa hadharani Leipzig mwaka 1925 kwa jina la Leica. Wengi katika fani waliidharau kwa udogo wake. Henri Cartier-Bresson wa Ufaransa aliipenda kwa udogo huohuo, na ili isimchongee, sehemu zake zinazong'aa alizifunika kwa utepe mweusi. Alitaka asionekane. Katika masomo ya upigaji picha hadithi hii husimuliwa kwa heshima kama ya watakatifu, na hufuatiwa na nasaha kwamba vifaa havina maana, jicho ndilo lenye maana.

Naomba kutofautiana na nasaha hiyo, angalau nusu yake. Cartier-Bresson alikuwa mtoto wa familia tajiri ya viwanda vya nguo. Aliweza kuivua alama ya fani kwa sababu alikuwa na alama nyingine ambazo havuliki nazo mtu: ngozi, pasipoti, lafudhi, suti iliyoshonwa vizuri, na baadaye shirika la Magnum ambalo yeye ni miongoni mwa waanzilishi wake wa mwaka 1947. Mtu wa namna hiyo akisimama na kamera ndogo kwenye mlango wa mkutano, anayemtazama haoni upungufu. Kijana wa Mbagala akisimama na kamera ileile mbele ya mlango wa ukumbi wa mikutano jijini Dar es Salaam, anaambiwa asubiri nje. Anayesema vifaa havina maana aulizwe kwanza yeye mwenyewe huingia kwa kibali gani.

Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilitoa somo kali zaidi, kwa sababu huko mtazamaji mkuu alikuwa dola yenyewe. Katika miaka ya 1950 Peter Magubane wa jarida la Drum alitumwa Zeerust, ambako wanawake walikuwa wakipinga kulazimishwa kubeba vitambulisho vya lazima, vile ambavyo wenzetu wa Kenya ya kikoloni waliviita vipande. Waandishi walikuwa wamekatazwa kupiga picha. Magubane alichimba mkate, akaificha Leica yake ndani yake, akawa anapiga picha huku akijifanya anakula. Mkate ulipokwisha akahamia kwenye boksi la maziwa. Kwake yeye ustadi ulikuwa kuonekana kama kibarua mwenye njaa. Hilo halikumwokoa moja kwa moja. Baadaye alikaa siku 586 katika kifungo cha upweke.

Ernest Cole alikwenda mbali zaidi. Alibadilisha tahajia ya jina lake la ukoo kutoka Kole, akafika mbele ya bodi iliyokuwa ikiainisha watu kwa rangi, akafanikiwa kuhamishwa kutoka kundi la Waafrika na kuingizwa kundi la Machotara. Kwa mabadiliko hayo ya karatasi aliweza kutembea mahali ambapo Mwafrika angekamatwa. Kwenye migodi aliingiza kamera ndani ya mfuko wa chakula. Kitabu chake House of Bondage kilitoka mwaka 1967 akiwa tayari uhamishoni, na kikapigwa marufuku nyumbani kwao. Tukiuliza Cole alitumia vifaa gani, jibu la kweli linaanza na jina na jamii iliyoandikwa kwenye karatasi. Kamera inafuata baadaye.

Tarehe 16 Juni 1976 Sam Nzima wa gazeti la The World alipiga Soweto picha ya Hector Pieterson, mtoto aliyepigwa risasi, akibebwa mikononi na kijana mwenzake. Filamu aliitoa kwenye kamera akaificha ndani ya soksi, kwa kuwa alijua kitakachofuata. Polisi walipomkuta walimlazimisha kufungua kamera zake na kuziachia nuru filamu zilizobaki. Kamera walizozitafuta walizipata. Soksi hawakuitazama.

Nirudi kwetu. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na Brownie iliyokwisha kutumika. Mwaka 1963 alianzisha Dar es Salaam kampuni yake ya Camerapix, akiwa kijana wa miaka 20. Picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, mwaka 1984 zilizunguka dunia nzima. Mwaka 1991 alipoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, na akarejea kazini na mkono wa bandia. Kinachonishangaza katika maisha yake ni namna alivyozijua nyuso zote mbili za alama hii. Kamera ilimpeleka mbele ya marais, na kamera ilimpeleka jela ya Zanzibar katika miaka ya 1960. Ilikuwa kazi ileile na ni mtu yuleyule. Aliyebadilika ni mtazamaji.

Tarehe 12 Julai 1993, mjini Mogadishu, helikopta za Marekani zilizokuwa chini ya operesheni ya Umoja wa Mataifa zilishambulia nyumba moja na kuua Wasomali wengi waliokuwa wamekutana humo. Waandishi wa picha walikwenda kuonesha kilichotokea. Umati uliojaa uchungu uliwageukia. Wanne waliuawa: Dan Eldon, aliyekulia Nairobi na alikuwa na miaka 22 tu, Wakenya Hos Maina na Anthony Macharia, na Mjerumani Hansi Krauss. Watatu wa kwanza walikuwa wa Reuters, wa nne wa Associated Press. Mbele ya umati ule kamera hazikusomeka kama ushahidi dhidi ya helikopta. Zilisomeka kama mali ya upande mmoja na helikopta. Ni dhuluma kubwa kwa watu wale wanne, lakini mwanahistoria analazimika kuuliza umati ulijifunza wapi kusoma hivyo. Kwa zaidi ya karne moja kamera kubwa barani Afrika ilikuwa imekuja bega kwa bega na bunduki, na mara nyingi ilibebwa na mtu yuleyule.

Miaka 14 baadaye, tarehe ileile ya 12 Julai, mwaka 2007, wapiga risasi waliokuwa ndani ya helikopta ya Marekani jijini Baghdad walimwona mtu akichungulia pembeni mwa jengo na kitu kirefu mkononi. Walidhani ni kombora la begani. Alikuwa Namir Noor-Eldeen, mpiga picha wa Reuters, na kitu kile kilikuwa kamera yenye lenzi ndefu. Aliuawa pamoja na mwenzake Saeed Chmagh na watu wengine. Tuliiona video ya tukio hilo kwa sababu ilivuja na kuchapishwa na WikiLeaks mwezi Aprili 2010. Kiswahili chetu kinapiga picha na kinapiga risasi, na wasomi fulani hupenda kujenga nadharia juu ya hilo. Nami nawakumbusha kwamba tunapiga pia pasi, simu na mswaki. Lakini kule juu, kupitia kioo cha shabaha, kufanana kwa lenzi na bomba la silaha hakukuwa mchezo wa maneno.

Viwanda, kwa upande wao, vilikwisha kuelewa thamani ya kuonekana. Kampuni ya Canon ilianza katika miaka ya 1970 kupaka rangi nyeupe lenzi zake kubwa, kwa sababu ya kiufundi inayoeleweka: rangi nyeupe hupunguza joto la jua, na joto hutanua sehemu za lenzi na kuvuruga ulengaji. Haikuchukua muda rangi hiyo ikawa bendera. Tazama pembeni mwa uwanja wa mpira wakati wa mechi kubwa utaona safu ya mizinga myeupe, na hata asiyejua chochote kuhusu joto na vioo anajua kwamba wale ndio wenyewe. Leo kijana anayepiga picha za harusi analazimika kukopa ili anunue mwili wa kamera wenye kishikio cha betri asichokihitaji na flashi kubwa atakayoizima, kwa kuwa kamati ya harusi inalipia kile inachokiona. Siwalaumu wanakamati. Mtu asiye na uwezo wa kupima picha kabla haijapigwa hupima kilichopo mbele ya macho yake. Namlaumu zaidi mtumishi wa umma anayeandika katika masharti ya zabuni aina ya kamera badala ya kudai kuona kazi zilizotangulia. Yeye ana muda na ana ofisi ya kuangalia.

Dola nayo imejaribu kuondoa mashaka kwa karatasi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 hapa Tanzania iliunda Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, yenye mamlaka ya kutoa kitambulisho na hata kumfutia mtu ithibati. Watetezi wake husema inalinda fani dhidi ya makanjanja. Mimi nina wasiwasi na chombo chochote kinachompa mtazamaji mwenye nguvu haki ya kuamua nani ni shahidi halali. Na barabarani karatasi hiyo haijashinda mazoea ya zamani. Mgambo bado anasoma ukubwa. Mwenye kamera kubwa anaulizwa kibali mbele ya soko, wakati watu kumi pembeni yake wanarekodi kitu hichohicho kwa simu na hawaguswi.

Ndani ya tofauti hiyo ndimo ulimozaliwa ushahidi mkubwa wa kizazi hiki. Tarehe 25 Mei 2020, mjini Minneapolis, Darnella Frazier, msichana wa miaka 17 aliyekuwa akimpeleka binamu yake mdogo dukani, alirekodi kwa simu dakika za mwisho za George Floyd chini ya goti la askari. Taarifa ya kwanza ya polisi ilikuwa imelieleza tukio lile kama dharura ya kiafya. Mwaka 2021 askari yule alitiwa hatiani kwa mauaji, na bodi ya tuzo za Pulitzer ikamtunuku Frazier heshima maalumu. Ni tuzo zilezile zilizokuwa zikienda kwa wenye Speed Graphic.

Daudi Mwangosi hakuwa mpita njia. Alikuwa mwandishi wa kituo cha televisheni cha Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari mkoani Iringa, mtu ambaye ni vigumu kuamini kwamba polisi wa mkoa huo walihitaji kuoneshwa kitambulisho ili kumjua. Tarehe 2 Septemba 2012 alikuwa kazini katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi, ambako polisi walikuwa wakizuia shughuli ya chama cha upinzani. Aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa akiwa katikati ya askari. Waandishi wenzake waliokuwa karibu walipiga picha, na magazeti yalizichapisha: mwili mmoja chini na mabuti pande zote. Mwaka 2016 mahakama mjini Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Wengine wanaoonekana katika picha zile hawakuhukumiwa.